Msiniambie tena "ongeza kinga"

Wiki hii ni mgonjwa wa nne. Kijana wa bodaboda kutoka Chamwino, aligundulika na homa ya ini B alipokwenda kuchangia damu, kaniwekea chupa mezani: "Daktari, nimeambiwa hii inapandisha kinga, virusi vitakufa." Nimechoka kulisikia hili, maana naona watu wanaumia.

Kirusi cha B chenyewe hakiui seli ya ini. Kinakaa ndani, kinazaana, na seli inaendelea na kazi. Wanaoiua ni askari wetu wenyewe, seli T za kinga ya mwili, wanaoiangamiza pamoja na mgeni wake. ALT, kimeng'enya cha ini, iliyopanda kwenye majibu yako imevuja kutoka seli zilizojeruhiwa hivyo.

"Kwa hiyo kinga yangu ni dhaifu?" Hapana! Imechoka, na kuchoka si udhaifu. Seli T zimekutana na kirusi kilekile mwaka hadi mwaka mpaka zimejifunga breki. Zimebaki na nguvu ya kujeruhi, ya kumaliza hazina. Ini linaungua, linaota kovu, linaungua tena, miaka 20, 30, hadi linasinyaa. Kuishusha kinga nako ni hatari: mgonjwa akipewa prednisolone (dawa inayoshusha kinga) nyingi au dawa za saratani bila kupimwa B, virusi hufumuka, kisha kinga ikirudi hulivamia ini kwa kishindo. Nimeona macho yakigeuka manjano ndani ya siku chache.

Walioambukizwa wakati wa kuzaliwa, takriban 90 kati ya 100 hubaki nacho. Ujanani virusi huwa vingi mno na ALT ya kawaida. Vitabu huita "uvumilivu wa kinga". Neno hilo linanisumbua. Seli T za vijana hao zimekutwa zikipigana kimyakimya, na DNA ya kirusi imeshajipachika kwenye ya ini. Nikimwambia kijana "subiri, dawa bado", naondoka na wasiwasi. Mwaka 2024 WHO ililegeza masharti ya kuanza dawa, nilifurahi.

Tenofovir, dawa ya homa ya ini B, haipandishi kinga. Inazuia kirusi kuzaana, vita vinapoa. Usiiache kwa uamuzi wako, vitawaka upya.

Kijana nimemwandikia kipimo cha wingi wa virusi, na chupa nimemwomba aiache, kwani baadhi ya mitishamba nayo huunguza ini. Kisha nikamuuliza mahindi ya nyumbani wanayahifadhi wapi. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu hapa Dodoma na Manyara, na ikikutana na B, hatari ya saratani ya ini huongezeka maradufu na zaidi.