Mstari wa Pili Hauna Kosa

"Mwalimu, mstari wa pili nimeukagua mpaka macho yanauma, hauna kosa. Hii Python ni mbovu."

Ujumbe huo wa mwanafunzi wangu wa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nimeupata tena wiki hii, pamoja na picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, imepinda, na mwanga wa taa umefunika nusu ya maandishi. Nusu ya malalamiko nakubaliana nayo: mstari wa pili kweli hauna kosa. Kosa liko mstari wa kwanza. Nimechoka kulieleza hili kwa mmoja mmoja, basi leo naliandika.

Zoezi lenyewe mnalijua, lile la nyota. Programu inauliza namba, kisha inachora nyota mstari kwa mstari: moja, mbili, tatu, hadi ifike namba hiyo:

n = int(input("Ngapi? ")
for i in range(1, n):
    print("*" * i)

Hesabu mabano ya mstari wa kwanza. Yamefunguliwa mawili, limefungwa moja. Sasa twende taratibu. Bano likiwa wazi, mwisho wa mstari hauhesabiki. Python inaendelea kusoma mstari unaofuata kana kwamba ni sentensi ileile. Inakutana na for. Haishtuki, kwa sababu ndani ya mabano for inaruhusiwa kabisa, ndivyo jenereta za Python, yaani maandishi mafupi ya kutoa thamani moja baada ya nyingine, zinavyoandikwa. Inameza i, inameza in range(1, n), yote halali. Inafika kwenye nukta pacha, na hapo ndipo inakwama, kwa kuwa ndani ya yale mabano nukta pacha haina nafasi. Inalia SyntaxError: invalid syntax, yaani maandishi hayafuati sarufi ya Python, na kishale kinaelekea kwenye nukta pacha.

Mwanafunzi wangu anafanya nini? Anaifuta nukta pacha! Ilikuwa mahali pake, haina hatia. Kosa linahamia mstari wa tatu, kwenye print, naye analifuata hukohuko.

Namba ya mstari inakuonyesha Python ilipokwama. Ulipokosea wewe ni hapo au juu ya hapo, wakati mwingine juu sana. Abiria aliyepanda basi la Tanga akidhani ni la Morogoro hushtukia Chalinze, basi linapoacha njia, lakini mambo yaliharibika tangu stendi ya Mbezi.

Kuanzia toleo la 3.10, lililotoka Oktoba 2021, Python imejifunza adabu kidogo. Kwa kosa hili inasema '(' was never closed, yaani bano halikufungwa, na kukuonyesha bano lenyewe, mstari wa kwanza. Mtasema basi tusasishe. Sawa, ila kompyuta nyingi ninazofundishia bado zina Windows 7, na toleo la mwisho la Python linalokubali Windows 7 ni 3.8. Isitoshe, hata toleo jipya halikuokoi ukisahau int, inayogeuza maandishi kuwa namba. Andika n = input("Ngapi? ") na mstari wa kwanza utapita kimya, maana ni halali, n imekuwa maandishi, basi. Mstari wa pili ndio unaogoma: TypeError: 'str' object cannot be interpreted as an integer, yaani umeipa maandishi mahali pa namba. Kelele ziko chini, ugonjwa uko juu.

Haya, bano limefungwa, int ipo, umeandika 5. Zinatoka nyota za mistari minne. Hakuna ujumbe mwekundu wa kosa, na kazi inakusanywa kwa furaha. Jamani! range(1, n) inaishia kabla ya n. Weka n + 1, tuendelee.

Piramidi, zoezi jingine la nyota, ndiyo inayonitoa jasho. Kila mstari, namba yake ikiwa i, una nafasi tupu n - i na nyota 2 * i - 1. Kwa n ya 5, mstari wa mwisho una nyota tisa na hauna nafasi hata moja. Wengi wanaandika hivi:

print(" " * (n - i), "*" * (2 * i - 1))

Piramidi inatoka nzuri, imesimama wima. Ila mkato ndani ya print huongeza nafasi moja kati ya vitu viwili, kwa hiyo umbo zima limesogea kulia. Kwa macho huoni, kwa sababu mistari yote imesogea pamoja. Programu ya kusahihishia inalinganisha herufi kwa herufi, inakupa sifuri, nawe unakuja kugombana na mimi. Tumia alama ya kujumlisha badala ya mkato. Ukiwa na shaka, badilisha " " iwe "." kwa muda: nafasi zako zitaonekana kama nukta, na ile ya ziada itabaki peupe kati ya nukta na nyota.

Sasa niseme jambo ambalo vitabu havisemi. Sina hakika tena kwamba nyota zinafundisha kufikiri. Ninao wanafunzi wanaochora umbo la almasi kwa nyota wamefumba macho, lakini ukiwapa orodha ya mauzo ya duka na kuwaomba jumla yake, wanakutazama tu. Wamekariri umbo. Na wengine wanaoshindwa, sijui kama wanashindwa na programu au na Kiingereza cha ujumbe wa kosa. Kwa mtoto wa kidato cha pili, invalid syntax ni kelele tupu.

Piramidi sijaifuta. Jumatatu nitaitoa tena, ila safari hii nawapa programu iliyokwisha kuharibika, kwenye karatasi, na kila mmoja aniandikie Python itakwama mstari gani, na kwa nini, kabla hajagusa kompyuta.