Gramu 440 zilizo ndani ya jiwe

Chukua kilo moja ya mawe safi ya chokaa, uyaweke kwenye tanuri dogo la maabara na uyapashe hadi nyuzi joto 900. Yaache humo mpaka yaive. Ukiyatoa na kuyapima utakuta gramu 560. Hakuna kilichomwagika. Gramu 440 zimepaa hewani, zote hewa ukaa, na hazikutoka kwenye makaa wala gesi uliyochoma. Zilikuwa ndani ya jiwe lenyewe.

Jaribio hili ndilo ninalompa kila kijana anayekuja kwenye idara yangu kwa mafunzo ya vitendo, siku ya kwanza, kabla hajakalia kiti wala kuonyeshwa kompyuta. Mimi ni injinia wa mitambo. Maisha yangu ya kazi yamepita kwenye viwanda vya saruji ukanda wa Pwani: nilianza mtu wa zamu, nikawa mkaguzi wa nishati, na sasa nasimamia kazi yote ya kupunguza hewa ukaa kiwandani. Vijana huniuliza wasome nini ili waje kuongoza mambo ya nishati safi, na wengi wao wakisema nishati safi wanamaanisha paneli za jua. Nawapenda kwa moyo wao, ila nawaomba waanze na lile jiwe.

Sababu ni hii. Tani moja ya saruji hula umeme wa uniti 100 hivi, mwingi ukienda kwenye vinu vya kusagia. Lakini kupika tani moja ya klinka, ile kokoto nyeusi inayotoka tanurini na kusagwa kuwa saruji, kunahitaji joto la gigajuli kama 3.4. Ukiligeuza kuwa uniti ni zaidi ya 900. Umeme wetu wenyewe unazidi kuwa safi. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024, na majirani zetu Kenya sehemu kubwa ya umeme wao inatokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo. Kinachobaki ni joto, na nyuma ya joto lipo lile jiwe.

Kuna kiwanda nilichowahi kufanyia kazi ambako tulifunga paneli juu ya paa la ghala, tukakata utepe, tukapiga picha. Nilifurahi siku ile kama wenzangu. Mwezi uliofuata nilipokaa kujumlisha hesabu ya hewa ukaa ya kiwanda kizima, paneli zile hazikuonekana hata kwenye tarakimu niliyokuwa nairipoti. Tanuri lilikuwa linapumua vilevile. Niliumia, na nilijilaumu kwa kutoisema hesabu hiyo mapema, kabla pesa haijatoka. Tangu hapo sikubali mradi wowote uingie kikaoni kabla ya kujua unagusa sehemu gani ya moshi.

Basi tuipige hesabu. Kwenye tani moja ya klinka, jiwe peke yake linatoa hewa ukaa kilo 525 hivi. Ukipika kwa makaa ya mawe unaongeza karibu kilo 320. Ukipika kwa gesi asilia unaongeza kama 190. Gesi ya Songo Songo ilipofika Dar es Salaam mwaka 2004, kiwanda cha saruji cha Wazo kilikuwa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo, na hiyo ilikuwa hatua ya maana. Lakini angalia: kutoka 845 unashuka hadi 715. Fungu la jiwe halijaguswa.

Sasa acha mafuta kama yalivyo, gusa mchanganyiko. Saruji yenye klinka asilimia 95 iliyopikwa kwa makaa inabeba kilo 800 za hewa ukaa kwa tani. Ipunguze klinka hadi asilimia 65, pengo ulijaze kwa pozolana, yaani majivu ya volkano yaliyosagwa, na utakuwa kwenye kilo 550. Umepunguza maradufu ya kile ambacho ungepunguza kwa kuhama kutoka makaa kwenda gesi, na hujajenga tanuri jipya. Majivu hayo volkano ilishayapika zamani. Nyanda za juu za Mbeya zimejaa. Kiwango cha saruji cha Afrika Mashariki, EAS 18-1, kinaruhusu mchanganyiko wa namna hiyo, na mifuko yake iko madukani leo hii.

Kwa hiyo ukiniuliza kiongozi wa kazi hii anahitaji nini, nasema kwanza aijue hesabu hiyo kiasi cha kuweza kuiandika nyuma ya risiti. Ya pili ni ngumu zaidi: aaminiwe na watu ambao bila wao hesabu haitembei.

Nilijifunza hilo kwa mzee mmoja, opareta wa tanuri, aliyekuwa kazini tangu nikiwa shule ya msingi. Tulikuwa tumeanza kuchoma unga wa mbao na pumba za mpunga badala ya sehemu ya makaa. Kwenye karatasi mambo yalikuwa mazuri. Usiku wa tatu, baada ya mvua ya masika, joto la tanuri likaanza kushuka na klinka ikatoka haijaiva, chokaa nyingi ndani yake haijashikana na kitu. Nikakimbilia kwenye skrini. Nikarekebisha hewa, nikaongeza kasi ya kulisha, hali ikazidi kuharibika. Mzee akaondoka bila kusema neno, akashuka hadi kwenye lundo, akarudi na konzi ya ule mchanganyiko. Akaufinya mbele yangu, akafungua kiganja. Ulikuwa umeganda donge, na alama za vidole vyake zikionekana.

"Binti yangu," akasema, "unalilisha tanuri maji."

Mvua ilikuwa imelinyeshea lundo, na moto wetu ulikuwa unatumika kwanza kukausha maji kabla ya kupika jiwe. Kila nilipoongeza kasi nilikuwa naongeza maji. Asubuhi yake niliandika ombi la banda la kuhifadhia na kipimo cha unyevu, na jina la mzee nikaliweka juu ya langu. Kanuni yake ya konzi tunaitumia hadi leo, pamoja na kipimo: lori likifika getini, mpokeaji anafinya kwanza. Hakuna mabadiliko ya tanuri niliyoyafanya tangu hapo bila kukaa na zamu zote nne, nikiwaambia ninachotaka kujaribu na kuwauliza kitavunjikia wapi. Wao ndio wanaojua.

Mkuu wa fedha naye ana lugha yake. Ukimpelekea tani za hewa ukaa atakusikiliza kwa adabu. Mpelekee feni. Feni kubwa za tanuri mara nyingi huzunguka kwa kasi yote huku mlango wa hewa umefungwa nusu, sawa na kujaza pipa bombani kisha ukamwaga nusu yake njiani kila siku. Ukifunga kifaa cha kubadilisha kasi ya mota na kuipunguza hadi asilimia 80, umeme unaotumika unashuka hadi karibu nusu, kwa kuwa mahitaji ya nguvu ya feni hufuata mchemraba wa kasi, yaani 0.8 mara 0.8 mara 0.8, ambayo ni kama 0.51. Hapo mkuu wa fedha anachukua kalamu mwenyewe. Akishaona pesa imerudi kwa mradi wa kwanza, wa pili anauliza yeye. Ndiyo maana huwashauri vijana waanze na miradi ya namna hii hata kama haipunguzi moshi mwingi. Inanunua imani utakayoihitaji siku unaomba pesa ya tanuri.

Kuhusu masomo sina maneno mengi. Uinjinia wa mitambo, kemia ya viwandani au umeme, vyote vinafaa. Jifunze ukaguzi wa nishati na mfumo wa ISO 50001, kiwango cha kimataifa cha kusimamia nishati. Kenya iliweka mwaka 2012 kanuni za usimamizi wa nishati zilizovitaka viwanda vyenye matumizi makubwa vikaguliwe kila baada ya miaka mitatu, na wakaguzi wengi wazuri wa ukanda huu wamepikika huko. Soma pia uhasibu kidogo. Na fuatilia sheria za masoko: tangu Januari 2026 Umoja wa Ulaya unatoza hewa ukaa iliyobebwa na saruji, chuma, alumini na mbolea zinazoingia kwake, na mwenye kiwanda anayeuza huko atahitaji mtu wa kumfanyia hesabu hiyo bila kubahatisha.

Kinachoninyima usingizi kwa furaha ni udongo. Watafiti wa Uswisi, Kuba na India wameonyesha kwamba unaweza kutengeneza saruji imara kwa klinka nusu tu, udongo wa mfinyanzi uliochomwa asilimia 30, chokaa mbichi asilimia 15 na jasi tano. Udongo wenye kaolini unachomwa kwa nyuzi 700 hadi 850, chini sana ya zile 1,450 za klinka, na unapoiva unatoa mvuke wa maji, si hewa ukaa. Kaolini tunayo Pugu, mwendo mfupi kutoka katikati ya Dar es Salaam. Kila nikipita barabara ya Kisarawe naiangalia ile milima kwa jicho la tofauti. Huko Brevik, Norwei, mwaka 2025 walizindua mtambo wa kunasa tani 400,000 za hewa ukaa kwa mwaka kutoka kiwanda cha saruji, ikahifadhiwe chini ya bahari. Hiyo itahitajika kwa ule ukaa wa jiwe usioepukika. Ila ni ghali mno, na sisi tuna udongo na majivu tusiyoyamaliza.

Wazee wa pwani hii walichoma matumbawe kwenye tanuu wakajenga Kilwa na Gede, na chokaa yao ilipokuwa inakauka ukutani ilikuwa inaivuta tena ndani yake hewa ukaa ile ile pole pole. Nawakumbuka nikiwa na mafundi wa leo, maana kazi yangu yote inaishia mikononi mwao.

Fundi mmoja wa Mbagala aliniambia waziwazi, "Dada, hii ya mchanganyiko haishiki." Alikuwa na sababu. Pozolana hungoja klinka ianze kuungana na maji na kuachia chokaa, ndipo nayo iungane na chokaa hiyo, taratibu, na inahitaji maji muda wote huo. Fundi anayefungua mbao mapema na kuacha zege likauke juani anaona udhaifu wa kweli. Kesho yake nikaenda saiti na gari la maabara. Tukamimina michemraba kumi na miwili ya zege kutoka kwenye mfuko mmoja mbele ya mafundi wote. Sita tukaiacha juani. Sita tukaifunika kwa magunia ya katani, naye akakabidhiwa kuyalowesha asubuhi na jioni. Siku ya saba tukavunja mitatu ya kila upande, na hata ile ya maguniani haikumridhisha. Nikamwomba asubiri.

Siku ya 28 alikuja maabara mwenyewe, na vijana wake wawili. Ile ya juani ilipasuka mapema. Ile ya maguniani mashine iliikandamiza, ikaendelea kukandamiza, sindano ikapita alama niliyokuwa nimemchorea kwa chaki, ndipo ikalia. Aliokota kipande, akakikwaruza kwa ukucha, akawapa vijana nao wakwaruze. Kisha akaniuliza magunia matupu yanapatikana wapi kwa bei ya jumla.