Damu baada ya kukoma hedhi si hedhi: maswali na majibu kuhusu saratani ya mlango wa kizazi

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa na kina mama kwenye chumba cha uchunguzi. Mengine huulizwa na mabinti zao, waliomleta mama akiwa hawezi tena kupanda kitandani mwenyewe. Nimeyaacha jinsi yanavyoulizwa.

Saratani ya mlango wa kizazi ni nini?

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, pale unapofungukia ukeni. Seli za hapo zinatakiwa kuzaliana kwa mpangilio na kufa zikichakaa. Zikiharibika, huzaliana bila kukoma na kuvamia majirani: uke, kibofu, njia ya haja kubwa, hata mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Hapa Tanzania wanakadiriwa wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kila mwaka, na zaidi ya 6,000 hufariki. Kinachoniuma ni kwamba hii ni mojawapo ya saratani chache tunazoweza kuzikamata kabla hazijawa saratani.

Inaletwa na nini?

Karibu zote zinaletwa na kirusi kiitwacho HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Watu wengi hukipata wakati fulani wa maisha, na kwa wengi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Kinapong'ang'ania ndipo seli zinapoanza kubadilika, taratibu sana. Huchukua miaka 15 hadi 20 kufika kwenye saratani, au 5 hadi 10 kwa mwanamke ambaye kinga yake imeshuka, kwa mfano anayeishi na VVU bila dawa. Wanawake wenye VVU wana hatari mara sita zaidi ya wengine, kwa hiyo ukiwa CTC, kliniki ya VVU, kuchukua dawa zako za ARV, uliza uchunguzi huu siku hiyo hiyo. Sigara nayo huongeza hatari. Kurogwa hakumo, wala kitanzi.

Mimi nina mume mmoja tu, na sijawahi kutoka nje. Inanihusu?

Inakuhusu. Kirusi unaweza kukipata kwa mwanaume huyo huyo mmoja, na huenda yeye alikipata kabla hajakujua. Wala usiende nyumbani kumshika shati, kwa sababu kinaweza kukaa miaka mingi bila dalili.

Hedhi yangu ilikoma zamani. Sasa nimeona damu, shoga zangu wanasema ujana umerudi.

Haujarudi. Mwanamke akishakaa miezi 12 bila hedhi kwa sababu ya umri, damu yoyote inayotoka baada ya hapo si hedhi. Iwe nyingi, iwe tone kwenye chupi, iwe maji ya pinki, si hedhi. Si kila damu ya namna hiyo ni saratani, lakini kila damu ya namna hiyo inachunguzwa. Njoo wiki hii.

Ilitoka siku mbili ikakata yenyewe. Si nimepona?

Hujapona. Kidonda cha saratani huvuja, kikatulia, kikavuja tena. Kukata kwa damu ndiko kunakowadanganya kina mama wengi kuliko kitu kingine chochote. Anatulia miezi mitatu, inatoka tena, anakunywa mizizi, inakata, anaisifu mizizi. Anapofika kwetu uvimbe umeshashika ukuta wa nyonga. Kwa wewe ambaye bado unaona siku zako, damu baada ya tendo la ndoa, au damu katikati ya mwezi isiyo ya kawaida yako, nayo ni hivyo hivyo: hata ikikata, njoo.

Niliambiwa ni UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, nikapewa dawa.

Nani alikuambia, na alikutazama wapi? Kina mama hunifungulia mfuko wa plastiki pale mezani: karatasi tupu za dawa za bakteria, metronidazo na doksi, vidonge vya fangasi vya kuingiza ukeni, sindano alizochomwa mtaani. Ukiuliza ni nani aliyemlaza kitandani akatazama mlango wa kizazi kwa taa, jibu ni hakuna. Mwaka mzima wa dawa, na hakuna aliyetazama!

UTI ipo, fangasi wapo, na hutibika. Lakini uchafu wenye harufu mbaya unaorudi kila ukimaliza dozi, hasa ukiwa na damu, haufai kupewa dozi nyingine kwa kukisia. Utazamwe kwanza. Muuza dawa dukani hana taa wala kitanda, hana namna ya kuona.

Mbona siumwi popote?

Huenda kwa sababu ni mapema, na mapema ndio wakati wa kuja. Maumivu ya kiuno na nyonga, mguu mmoja kuvimba, mkojo kupungua au kupita ukeni, hizo ni dalili za ugonjwa uliokwisha kusambaa. Anayesubiri maumivu ndipo aje, anausubiri ugonjwa ukomae.

Je, kujisafisha kwa ndani au kuweka vile vidonge vya "kusafisha kizazi" kunasaidia?

Hapana, na naomba mniache niliseme bila kuzunguka. Uke unajisafisha wenyewe. Sabuni, ndimu, shabu, ugolo, na hivyo vidonge vya mitandaoni vinavyodaiwa kuvuta uchafu huunguza na kukwangua ngozi laini ya mle ndani. Yale maganda yanayotoka, ambayo muuzaji anakuonyesha kama "ugonjwa", mara nyingi ni ngozi yako mwenyewe iliyoungua. Hela ya vidonge hivyo ni nauli ya kwenda kituo cha afya.

Uchunguzi unafanywaje? Unauma?

Unalala chali, tunaingiza spekulamu, kifaa cha kupanua uke, tunawasha taa. Tunapaka asidi ya siki iliyopunguzwa makali, tunasubiri dakika moja. Seli zilizoanza kubadilika hugeuka baka jeupe. Unaweza kuhisi kubanwa na kuwashwa kidogo, basi. Ukiwa na miaka 30 anza, hata kama huna dalili yoyote. Mwenye VVU aanze akiwa na 25.

Mkikuta baka mtanitoa kizazi?

Baka si saratani. Mara nyingi tunalitibu hapo hapo, kwa kuligandisha au kwa kifaa cha joto kinachogusishwa juu yake kwa muda usiofika dakika moja. Unatoka kwa miguu yako. Utatokwa na majimaji wiki kadhaa, na utapumzika na tendo la ndoa kwa muda tutakaokwambia. Kizazi kinabaki. Baka likiwa kubwa au la kutiliwa shaka, tunachukua kinyama kidogo kwenda maabara. Na hapana, kuchukua kinyama hakutawanyi saratani.

Lakini waliokwenda kupigwa mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road walikufa.

Wapo waliokufa, na wengi wao walifika wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Mionzi inabeba lawama za miezi iliyopotea nyumbani. Ugonjwa ukiwa bado mdogo, upasuaji pekee unaweza kuumaliza. Ukishavuka hapo, matibabu ni mionzi ya nje, siku tano kwa wiki kwa takriban wiki tano, pamoja na dripu za kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, na mionzi ya ndani. Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando jijini Mwanza wanatibu, na kuna kina mama waliomaliza mionzi ambao leo wanalea wajukuu. Atakayekuambia ukaombewe kwanza, muombe akuombee ukiwa kwenye foleni ya hospitali.

Na chanjo ya wasichana, si inaleta ugumba?

Haileti. Inakinga dhidi ya aina za HPV namba 16 na 18, zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Mwaka 2024 Tanzania ilianza kutoa dozi moja, bure, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Haimtibu aliyekwisha kuugua, ndiyo maana wanachanjwa wadogo. Aliyechanjwa naye atakuja kuchunguzwa akifika umri.

Naona aibu. Nikifika niseme nini?

Sema hivi: "Natokwa na damu isiyo ya hedhi, naomba nitazamwe mlango wa kizazi." Ukipewa karatasi ya dawa bila kulazwa kitandani, rudia ombi lako kwa upole, na wasipokuwa na vifaa uombe rufaa ya maandishi. Unaweza kuomba muuguzi wa kike. Usisubiri damu ikate ndipo uje, wala usijisafishe kwa ndani asubuhi hiyo kwa kuogopa harufu. Harufu nayo inatupa habari, na wanaofanya kazi kwenye chumba kile wameizoea.