Nta ya sikio si uchafu
Pale stendi ya bodaboda Busia, upande wa Uganda, ukikaa kidogo utamwona: dereva kafumba jicho moja, ufunguo wa pikipiki umo sikioni, anauzungusha taratibu kwa raha zake. Ukimuuliza, atakwambia anatoa uchafu unaomziba asisikie.

Si uchafu. Ile nta hutengenezwa na tezi zilizo karibu na mlango wa sikio. Hunasa vumbi, hulinda ngozi isikauke na huzuia vijidudu. Tena hutoka yenyewe: ngozi ya ndani husogea polepole kuelekea nje, na taya likitafuna huisaidia. Ufunguo, njiti ya kiberiti, hata zile pamba za vijiti, huisukuma ndani ikashindiliwa karibu na kiwambo, ile ngozi nyembamba iliyo ndani ya sikio, na hapo ndipo usikivu hupungua kweli. Mkono ukiteleza, kiwambo hutoboka.

Sikio linalouma, linalotoa usaha au lililoziba, lipeleke kituo cha afya.

Na dereva wetu? Mimi ningeshuku kwanza spika za baa ya jirani, zinazonguruma mpaka usiku wa manane. Kelele huua seli zenye vinyweleo zinazopokea sauti katika sikio la ndani, nazo zikifa hazioti tena.