Waliponikatalia ndipo nilipowapa alama

Mwezi uliopita wakuu wa shule kadhaa hapa Tanga walinipa kazi niliyoiona nyepesi: niwaandalie orodha ya vituo vya ziara za kimasomo na wasafirishaji wanaostahili kupewa cheti mwisho wa mwaka. Nilifundisha Jiografia miaka kumi na mmoja, na tangu niweke chaki chini kazi yangu ni kupanga safari za shule. Nikajisemea hii naimaliza kwa kikombe kimoja cha chai. Wiki tatu baadaye bado nilikuwa nafuta majina na kuyarudisha.

Nikiingia ofisi za vituo hivi naviona vyeti vimetundikwa ukutani, na nikidadisi vilitolewa kwa lipi, jibu ni lile lile: mandhari. Geti zuri, bembea, tembo wa saruji wa kupigia picha. Watoto tisini waliokaa pale saa mbili walifanya nini, hilo halikuwa na nafasi kwenye fomu ya mtu. Kwa hiyo nikatengeneza fomu yangu, na swali lake la kwanza limewachanganya walimu wengi niliowapelekea: "Walikukatalia nini?"

Swali hilo nililipata kwa gharama. Miaka kadhaa nyuma nilipanga safari ya kidato cha pili: Bagamoyo kuona magofu ya Kaole, kisha Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa, kisha kurudi Tanga. Siku moja. Wanaoijua njia ya Segera na Msata wameshaanza kucheka. Nilimpigia mama mmoja mwenye makosta mawili. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza tu mnarudi saa ngapi. Nikamwambia saa nne, saa tano usiku hivi.

"Mwalimu, nisamehe. Gari ninazo, lakini hiyo safari sipeleki. Watoto wa watu, usiku, barabara ile? Laleni Bagamoyo, au toa Dar."

Nikamwona ana maringo. Nikaenda kwa mwingine, ambaye alikubali kabla sijamaliza kueleza na bei akapunguza.

Siku ya safari likaja gari ambalo silo tulilolikagua. Matairi ya nyuma vipara, viti vya kukunja vimejaa njia ya katikati mpaka mlangoni, dereva macho mekundu maana usiku kucha alikuwa njiani akitoka Arusha. Nilipaswa kulirudisha pale pale. Lakini watoto wameshavaa sare, wazazi wako getini, pesa imeshalipwa, nikanyamaza. Makumbusho hatukuyaona. Saa tatu usiku mkanda wa feni ukakatika karibu na Mkata, tukakesha ndani ya gari na watoto 41 na katoni moja ya maji. Hakuna aliyeumia. Tuliporudi, mzazi mmoja aliniuliza bila kupandisha sauti, "Hivi, Mwalimu, hakuna mtu aliyekuonya?"

Kwenye sehemu ya usafiri mkono wangu ni mzito kutoa alama. Sote tunaikumbuka Mei 6, 2017, Rhotia, Karatu, ajali ya basi la shule: walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva, wakienda shule nyingine kufanya mtihani wa ujirani mwema. Ilikuwa safari ya asubuhi, ya kawaida kabisa, ya aina tunayoipanga bila hata kikao. Ndiyo maana sitaki kusikia habari za muziki na viyoyozi mpaka nione leseni ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, nihesabu viti na watakaokaa, niguse matairi kwa mkono wangu, nijue dereva jana alilala wapi. Yule mama wa makosta humpa mwalimu wa safari karatasi yenye namba yake ya simu na kumwambia mbele ya dereva: "Akizidi 80 nipigie, na kwenye vijiji vyenye kibao cha 50 usimuonee haya." Dereva wake husimama pale akitabasamu kwa kujilazimisha. Karatasi ile haimgharimu hata shilingi mia, na sijaona kampuni nyingine inayoitoa.

Wenzetu Uingereza walifika kwenye utaratibu wao kwa njia ya msiba. Machi 22, 1993, wanafunzi wanne kutoka Plymouth walikufa maji katika ghuba ya Lyme wakiwa kwenye kayaki, chini ya kituo cha michezo ya nje. Ikaja kujulikana kwamba wakufunzi wawili walikuwa wameshaondoka pale na kuandika barua ya kuonya kuhusu usalama. Kampuni ilitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, mkurugenzi wake akafungwa, na mwaka 1995 ikapitishwa sheria ya kuvitaka vituo vya namna hiyo viwe na leseni. Siku hizi wana pia beji ya ubora inayotolewa na baraza liitwalo Council for Learning Outside the Classroom, nayo hutazama mambo mawili kwa mkupuo: mafunzo na usimamizi wa usalama. Hapo ndipo nilipoiba wazo. Fomu nyingi za kwetu hutenganisha: usalama ni wa mwalimu wa nidhamu, mafunzo ni ya mwalimu wa somo. Mimi naona ni tabia moja ya mtu yule yule, na mahali pa kuiona vizuri ni Amboni.

Mapango ya Amboni kila mtoto wa Tanga ameyasikia kabla hajayaona. Kwamba yanatokea Mombasa. Kwamba Mzungu aliingia na mbwa wake, Mzungu akapotea, mbwa akaibukia Kilimanjaro. Nimeshatembezwa pale mara nyingi, na kuna siku mwongozaji alizimwaga hadithi zote hizo kwa dakika ishirini, mfululizo, huku watoto wa nyuma wakipigana viwiko gizani. Walitoka wakijua alichokijua bibi yao.

Safari nyingine nilifika na watoto sitini. Mwongozaji, kijana mwembamba mwenye tochi ya kufunga kichwani, akawatazama, akanitazama mimi. "Shikamoo, Mwalimu. Hawa wote kwa pamoja siwaingizi. Kumi na tano kumi na tano. Wanaosubiri wakae huku juu wachore Mto Mkulumuzi, waonyeshe maji yanakula mwamba upande gani." Nikaanza kulalamika kuhusu muda. Akasubiri nimalize, kisha akahesabu kumi na tano wa kwanza kana kwamba sikusema kitu.

Ndani akazima tochi. Dakika nzima, giza la kukata kwa kisu, na tone moja la maji likidondoka mahali fulani. Alipowasha, mwanga ukaangukia chokaa iliyoning'inia kama kiwele cha ng'ombe. "Hilo tone mlilolisikia ndilo fundi," akasema. "Maji ya mvua yanaramba chokaa huko juu, yanakuja kuiweka hapa kidogo kidogo." Kisha hadithi ya mbwa akaisimulia, kwa vituko vyote, watoto wakicheka, na mwisho akauliza: "Haya, nani ataniambia tungejuaje kama ni kweli?" Msichana mmoja akasema tutie rangi kwenye maji tuone yanatokea wapi. Mwingine akasema popo: tuwafunge uzi mguuni, tukawasubiri Mombasa. Huyo wa popo alichekwa, ila mwongozaji hakumcheka. Alimuuliza popo anaruka umbali gani kwa usiku mmoja. Nilikuwa nimeshafundisha mmomonyoko wa chokaa miaka tisa wakati huo. Sikuwahi kupata swali la popo darasani.

Ukiniuliza kwa nini nampa kijana yule alama zote, nitaanza na kule kukataa. Angekubali sitini, tone lisingesikika.

Ng'ambo ya mpaka, Mombasa, shule zetu hupenda kwenda Haller Park pale Bamburi, na watoto hukimbilia twiga na viboko. Wana haki. Ila hazina ya mahali pale iko chini ya majani. Lilikuwa shimo la kuchimba mawe ya saruji, jiwe tupu la matumbawe. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti. Kati ya aina 26 alizojaribu ni tatu tu zilizohimili, na mvinje ukaongoza. Tatizo likawa majani ya mvinje: yalidondoka yakalala hapo, hayaozi, udongo haupatikani. Mpaka alipoona jongoo akiyala. Wakakusanywa majongoo kwa maelfu, wakaachiwa humo, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo wa msitu mzima. Ninachokipimia kituo kama hicho ni kimoja: je, mwongozaji anachuchumaa? Akichuchumaa, akafunua majani, akamweka jongoo kiganjani pa mtoto, na mtoto akakuna kwa kidole akaona tabaka jeusi na chini yake jiwe jeupe, ziara imeshalipa nauli hata kama twiga amelala.

Kaole niliirudia baadaye, kwa siku mbili safari hii. Mbele ya makaburi ya nguzo mwongozaji aliwaonyesha watoto vishimo vya duara vilivyobaki kwenye chokaa na kuwauliza kilikaa nini humo. Sahani? Taa? Vilikuwa vibakuli vya Kichina. Akawaacha wahangaike wenyewe: bakuli limetoka China, limefikaje hapa pasipo na bandari? Ndipo akawageuza wautazame mwambao, mikoko na matope pale palipokuwa na maegesho ya vyombo, na mazungumzo yakaingia kwenye kaskazi na kusi bila mtu kufungua daftari. Katikati ya hayo mwalimu mwenzangu, mtu mzima mwenye cheo chake, alitaka kupanda juu ya kaburi apigwe picha. Mwongozaji akamshika mkono kwa adabu: "Mzee wangu, hapa pamelala mtu." Watoto wote waliona. Hiyo nayo nimeiandika kwenye fomu.

Sasa vyoo. Najua mnatarajia niviweke mwisho kama kiambatisho, lakini vimefuta majina mengi kuliko kitu kingine chochote. Shuleni tunahesabu tundu moja kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25. Kituo kinachopokea shule tatu kwa siku moja na kina matundu mawili, moja limefungwa kwa waya, hakijajiandaa kupokea watoto. Kimejiandaa kupokea kiingilio. Nikifika kituoni naenda chooni kwanza, kabla ya kusalimiana na meneja. Naangalia maji, ndoo, komeo la mlango kwa ndani, na mahali pa msichana kutupa pedi. Kuna kituo kimoja chenye kiwanda kizuri sana cha kufundishia, sikitaji, nilikiondoa kwa ajili ya komeo. Meneja alinipigia amekasirika. Nikamwambia msichana wa kidato cha kwanza asiyeweza kufunga mlango hanywi maji siku nzima, na kufika saa nane kichwa kinamuuma, hasikii unachosema kuhusu mashine zako. Wiki iliyofuata alinitumia picha ya komeo jipya kwa WhatsApp, bila neno hata moja. Nimemrudisha.

Kilwa Kisiwani iko mbali mno kwa orodha yetu, lakini nahodha mmoja pale Masoko nimempa alama za pembeni. Pepo za kusi zilikuwa zimevuma, jaketi okozi alizonazo ni ishirini, sisi tupo thelathini na mbili, na ng'ambo magofu ya Msikiti Mkuu tunayaona kwa macho. Akasema tutavuka mara mbili, na bahari ikichafuka zaidi hatuvuki kabisa, pesa atarudisha. Tulivuka mara mbili. Ibn Battuta, yule msafiri wa kale kutoka Morocco, alifika kisiwa kile mwaka 1331; watoto wakauliza kama naye alisubiri zamu.

Orodha imefikia majina saba. Wakuu wa shule walitaka kumi, kwa sababu vyeti vimeshachapwa kumi, nikawaambia vitatu vifungiwe kabatini. Juzi nilimpigia yule mama wa makosta kumpa habari kwamba jina lake liko juu kabisa upande wa usafiri, na nikamkumbusha, kwa aibu kidogo, ile simu aliyonikatalia.

"Nakumbuka sana," akasema. "Cheti nashukuru, Mwalimu, nitakitundika. Ila hebu waambie hao wakuu wako: kuna shule kwenye kamati hiyo hiyo, safari ya mwezi wa nne, nusu ya pesa yangu bado wanayo."

Nimeandika jina la shule hiyo. Kesho naanzia kwao.