Jiwe, kokoto na mchanga: dhana potofu kuhusu umri wa miamba na mwendo wa mabara

Nyumba ya kawaida inayojengwa Nairobi hukusanya mahali pamoja miamba ya nyakati tatu zilizoachana mno. Mawe ya kuta huchongwa katika machimbo ya Juja na Ndarugo, kutoka kwa majivu ya volkeno yaliyoshikamana miaka milioni chache iliyopita. Kokoto husagwa kutoka kwa lava nyeusi ya upande wa Mlolongo na Katani, ambayo kwa sehemu kubwa ni kongwe kuliko majivu hayo. Mchanga nao huletwa kwa malori kutoka mito ya Machakos, na chembe zake zimemomonyoka kutoka kwa miamba iliyokuwapo kabla samaki wa kwanza hawajaonekana baharini. Mwanajiolojia anayechunguza tektoniki (mwendo na migongano ya mabara) na jiokemia (kemia) ya miamba mikongwe hushughulika hasa na kundi hilo la tatu, na ndilo linalozungukwa na dhana nyingi zisizo sahihi, hata miongoni mwa watu waliosoma jiografia vizuri shuleni.

Dhana: Mwamba mweusi na mgumu ndio mkongwe zaidi.

Rangi ya mwamba hutokana na kemia yake, na ugumu wake hutegemea madini yaliyomo na namna ulivyoumbika. Vyote viwili havisemi lolote la kuaminika kuhusu umri. Fonolaiti ya Kapiti, ambayo ni lava nzito ya tambarare za kusini-mashariki mwa jiji, ina umri wa miaka takriban milioni 13. Jina la mwamba huo limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya sauti na jiwe, kwa kuwa kipande chake kikigongwa kwa nyundo hulia kama kengele. Msafiri wa Barabara ya Mombasa akipita Athi River huona kilima cha Lukenya kikisimama peke yake juu ya tambarare hiyo. Lukenya ni naisi, mwamba wenye mistari ya kijivu na nyeupe ambao huchakaa kwa mvua na kuacha changarawe, na mtu asiyejua angeuona dhaifu mbele ya lava. Hata hivyo lava ndiyo iliyomkuta mwenzake pale ikatandazwa kumzunguka, na naisi hiyo inaizidi umri kwa zaidi ya mara 40.

Dhana: Wanasayansi hupima umri wa miamba kwa kaboni.

Kaboni-14, aina ya kaboni inayooza, yaani inayogeuka yenyewe kuwa elementi nyingine kadiri muda unavyopita, hupima mabaki ya viumbe vilivyokuwa hai, kama vile makaa ya kuni na mifupa. Nusu yake huoza kila baada ya miaka 5,730, na kwa hiyo mabaki yakizidi takriban miaka 50,000 huwa hakuna tena kiasi cha kutosha kupimwa. Kutumia kaboni-14 kwa naisi ya Machakos ni sawa na kupima urefu wa Mto Tana kwa rula ya mwanafunzi.

Kwa miamba mikongwe kipimo kinachotegemewa zaidi ni metali ya urani inayooza na kugeuka kuwa metali ya risasi ndani ya madini yaitwayo zirkoni. Punje ya zirkoni mara nyingi ni ndogo kuliko punje ya chumvi ya mezani, lakini ina sifa mbili ambazo mtafiti hawezi kuzipata pamoja kwa urahisi penginepo. Kwanza, inapoumbika hukubali urani katika muundo wake na kuikataa karibu risasi yote, hivyo risasi inayokutwa humo baadaye imezaliwa humo humo. Pili, urani ina isotopu mbili, yaani aina mbili za atomi zenye uzito tofauti, zinazooza kwa mwendo tofauti: urani-238, ambayo nusu yake huisha kwa miaka bilioni 4.47 na kuwa risasi-206, na urani-235, ambayo nusu yake huisha kwa miaka milioni 704 na kuwa risasi-207. Punje moja basi hubeba saa mbili. Zikikubaliana, umri huo huaminika; zikitofautiana, mtafiti hujua kwamba sehemu ya risasi imepotea njiani, na kiasi cha tofauti hiyo humsaidia kukisia tukio lililosababisha upotevu. Wanaodhani kwamba umri wa miamba ni makadirio ya kubahatisha hawajaelezwa habari ya saa hizi mbili, na naamini wangeelezwa wangebadilisha mawazo.

Ni kwa njia hii kwamba punje za zirkoni kutoka Jack Hills, Australia, zilijulikana kuwa na umri wa miaka takriban bilioni 4.4, na ni kwa kulinganisha isotopu za risasi katika vimondo kwamba Clair Patterson alitangaza mwaka 1956 kuwa umri wa Dunia ni takriban miaka bilioni 4.55.

Dhana: Kila jiwe lina umri mmoja.

Hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu, na kwangu mimi ndipo inapovutia zaidi. Naisi zetu za Machakos, Taita na Kitui ni sehemu ya ukanda mrefu wa miamba iliyogeuzwa kwa joto na mgandamizo, unaopita mashariki mwa Afrika na kuingia Msumbiji. Arthur Holmes, Mwingereza aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kupima umri wa miamba kwa urani na risasi na aliyefanya kazi ya utafutaji madini Msumbiji mwaka 1911, aliuita Ukanda wa Msumbiji katika andiko lake la mwaka 1951. Ukanda huo ulijengwa kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, wakati bahari ya kale ilipofungika, mabara yakagongana, na bara kuu la Gondwana likaungana. Milima iliyoinuka wakati huo imekwisha kumomonyoka. Tunachokanyaga ni mizizi yake, miamba iliyopikwa kilomita nyingi chini ya ardhi.

Sasa, jiwe la aina hiyo lina umri gani? Mtafiti akikata punje ya zirkoni katikati na kuitazama chini ya hadubini maalumu, mara nyingi huona kiini kilichozungukwa na maganda, mithili ya kitunguu. Kiini huweza kuwa kimeumbika katika magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ya kale sana, na ganda la nje likaongezeka wakati wa mgongano wa mabara. Kwa miale ya leza au ya ayoni kila tabaka hupimwa peke yake, na jiwe moja hutoa tarehe mbili au tatu zilizo sahihi zote. Magharibi mwa ukanda huo, hasa nchini Tanzania, baadhi ya miamba iliyogeuzwa wakati wa Gondwana imehifadhi kemia ya kitovu cha bara chenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Kwa hiyo swali la umri halijibiki mpaka anayeuliza aseme anataka umri wa kitu gani: wa kuumbika kwa magma, wa kupikwa upya, au wa kupoa.

Dhana: Mabara yanaelea juu ya bahari ya moto ulioyeyuka.

Tabaka lililo chini ya mabamba, yaani vipande vikubwa vya ganda la Dunia vinavyobeba mabara, ni mwamba mgumu. Mawimbi ya tetemeko yanayosukuma ardhi upande kwa upande hayawezi kupita katika kimiminika, nayo hupita katika tabaka hilo mpaka yakomee kwenye kiini cha nje cha Dunia, ambacho ndicho kilichoyeyuka. Mwamba huo hutiririka ukiwa mgumu, sentimita chache kwa mwaka, kama barafu nene ya milima mirefu inavyoteremka polepole bila kuwa maji. Magma hutokea mahali pachache tu, kwa mfano pale mwamba wa moto unapopanda na kupungukiwa na mgandamizo, kama chini ya Bonde la Ufa.

Dhana: Ufa wa mwaka 2018 karibu na Suswa ulionyesha Afrika ikipasuka.

Mwezi Machi mwaka huo, baada ya mvua kubwa, ardhi ilifunguka na kuikata barabara ya Maai Mahiu hadi Narok, na picha zake zikaenea duniani kote. Bonde la Ufa linapanuka kweli, ila kwa milimita chache tu kwa mwaka. Kwa mwendo wa milimita 3, upana wa mita 5 ungehitaji zaidi ya miaka 1,600. Kilichofungua ardhi kwa siku chache ni maji, yaliyokuwa yakizoa majivu laini ya volkeno chini kwa chini mpaka udongo wa juu ukakosa mahali pa kuegemea. Wanajiolojia hawakukubaliana wote kuhusu mchango wa nyufa za kale zilizofukiwa na majivu hayo, na huenda maji yalifuata njia hizo. Familia zilizopoteza nyumba zilistahili kupewa maelezo hayo ya udongo na maji mapema, kwa sababu hatari ya aina hiyo hurudi kila masika, ilhali kugawanyika kwa bara ni jambo la mamilioni ya miaka.

Dhana: Jiokemia ni kazi ya kutafuta dhahabu tu.

Katika miamba ya Taita hupatikana tsavoraiti, kito cha kijani kilichopewa jina la Tsavo. Mchimbaji hutafuta kito. Mwanajiokemia huuliza ukijani huo umetoka wapi. Umetokana hasa na metali ya vanadi, pamoja na kromi kidogo, na kito chenyewe hukutwa katika naisi zenye grafiti. Grafiti hiyo ni kaboni ya matope meusi yaliyotuama chini ya bahari, yakiwa na mabaki ya viumbe wadogo, na matope ya namna hiyo hukusanya vanadi kutoka majini. Bahari ilipofungika, matope yalishuka kilomita nyingi chini, yakapikwa, na vanadi ikaingia katika fuwele mpya. Bahari hiyo ya kale haipo tena kwenye ramani yoyote, lakini kemia ya sakafu yake inaweza kupimwa leo katika jiwe linalotosha kiganjani.