Wiski ya nguvu ya pipa: kijiko cha maji si tusi

Shemeji yangu alirudi safari na chupa ya Glenfarclas 105, akamimina toti mbili, kisha akaniona natoka jikoni na kijiko cha chai na glasi ya maji. "Shemeji! Imevuka bahari yote hiyo uje uitie maji ya bomba?" Maji yalikuwa ya chupa, lakini ubishi ulishaanza, na karibu kila alichosema usiku ule nimeshakisikia kwenye meza nyingine.

Tunazungumzia wiski ya Uskoti ambayo chupa yake imeandikwa Single Malt, yaani ya kiwanda kimoja na kimea cha shayiri pekee, na mahali fulani kwenye lebo hiyohiyo, Cask Strength. Hiyo ya pili ndiyo nguvu ya pipa: imetoka kwenye pipa la mwaloni ikaingia chupani bila kushushwa nguvu kwa maji. Wiski nyingi hushushwa hadi asilimia 40, 43 au 46 za pombe kabla ya kufungwa. Hii mara nyingi hubaki kati ya 50 na 60, wakati mwingine hata zaidi.

"Ukitia maji umeiharibu"

Neno lenyewe tunalo: kuzimua. Tumezoea kulitumia asubuhi, kichwa kinapogonga, lakini maana yake nyingine ni hii hasa, kupunguza ukali kwa maji. Na Waskoti wanazimua. Wataalamu wanaochagua mapipa viwandani hunusa sampuli zilizoshushwa hadi asilimia 20 hivi, maana pombe kali huifanya pua ife ganzi.

Tulifanya hesabu palepale mezani. Toti ya mililita 25 yenye asilimia 60 ina mililita 15 za pombe tupu. Ikiwa kavu, nilinusa nikarudisha kichwa nyuma, kama mtu aliyefungua kopo la vanishi. Kijiko kimoja cha chai, mililita 5, kikaishusha hadi 50. Hapo ndipo tende zilipojitokeza, na zabibu kavu, na ganda la chungwa, kwa sababu kiwanda cha Glenfarclas hupenda mapipa yaliyobeba mvinyo wa sheri wa Hispania. Kijiko cha pili, karibu 43, kikaleta utamu kama wa sukari guru na ukali wa karafuu mwishoni. Cha tatu nilikitia kwa ubishi tu. Ikashuka chini ya 38 na kupwaya kabisa. Kwa hiyo shemeji alikuwa na nusu ya hoja: maji yanaweza kuharibu, ila si kijiko cha kwanza.

Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, waliiga mchanganyiko wa maji, pombe na gwayakoli kwa kompyuta. Gwayakoli ni kemikali inayochangia harufu ya moshi kwenye wiski. Pombe ikiwa hadi asilimia 45, gwayakoli hukaa juu juu, karibu na pua. Ikizidi 59, pombe huizingira na kuivuta ndani. Ni kompyuta, si ulimi wa mtu, na ni kemikali moja kati ya nyingi, lakini mimi na kijiko changu tuliridhika.

"Hii haijawahi kuguswa na maji"

Imeguswa. Pombe ikitoka mtamboni huwa karibu asilimia 70, na kwa kawaida hutiwa maji hadi 63.5 kabla ya kuingia kwenye pipa. Isiyotiwa maji ni ile inayotoka kwenye pipa kwenda chupani.

"Ikikaa miaka mingi inazidi kuwa kali"

Uskoti ni kinyume. Maghala yake ni ya baridi na unyevu, na pombe huponyoka kwenye mbao haraka kuliko maji. Kinachopotea hukadiriwa kuwa kama asilimia 2 kwa mwaka, nao hukiita fungu la malaika. Kule Kentucky, Marekani, ghorofa za juu za maghala huwa na joto, maji hutangulia kutoka, na nguvu hupanda. Kwa hiyo wiski ya Uskoti ya miaka 30 ya nguvu ya pipa inaweza kuwa laini kuliko ya miaka 10. Pipa likichelewa sana na nguvu ikashuka chini ya 40, sheria hairuhusu tena kuiita wiski.

"Kali inajulikana kwa moto"

Hii naifahamu tangu utoto: gongo likimwagwa na kuwashwa kiberiti, likiwaka, ni zuri. Waingereza wa zamani nao walikuwa na lao, walilowesha baruti kwa pombe na kuiwasha. Ikishika moto, pombe imepita mtihani. Kipimo chao cha 100 baadaye kilihesabiwa kuwa asilimia 57.1, na ndiyo maana 105 ya kwenye chupa ya shemeji ni asilimia 60. Lakini moto unakwambia nguvu tu. Methanoli, inayopofusha na kuua, nayo inawaka.

"Imeingia ukungu, imechakachuliwa"

Ukitia maji au barafu, wiski ya namna hii inaweza kuwa na wingu. Ni mafuta ya asili ya nafaka na pipa, yaliyokuwa yameyeyuka kwenye pombe kali. Nguvu ikishuka chini ya 46 hivi, yanajitokeza. Wiski za kawaida hupoozwa na kuchujwa ili wingu hilo lisionekane dukani. Nyingi za nguvu ya pipa hazichujwi hivyo. Barafu yenyewe siipendi hapa, kwa sababu ubaridi hulaza harufu.

Mengine ya haraka. Single Malt si pipa moja, ni kiwanda kimoja, na mapipa yake kadhaa huchanganywa. Rangi nyeusi si uzee: sheria ya Uskoti inaruhusu karameli ya rangi. Miaka iliyoandikwa ni ya wiski changa kuliko zote humo ndani, na chupa ikikaa kabatini miaka 20 haiongezi hata mmoja.

"Nimeizimua, hainileweshi"

Maji hupunguza ukali mdomoni, hayapunguzi pombe iliyomo kwenye glasi. Zile mililita 15 bado zipo, mara moja na nusu ya toti ya kawaida ya asilimia 40. Shemeji alikunywa tatu kavukavu kuthibitisha uanaume, akalala kwenye kochi na viatu.

Glasi yake sikuiosha. Asubuhi nilimpa ainuse, ikiwa tupu na imekauka. Akanusa, akanusa tena, akauliza nani alikuwa anakula tende.